Nilirudi Mombasa kunywa chai ya barabarani

Basi la usiku kutoka Nairobi liliniteremsha Mwembe Tayari saa kumi na moja alfajiri, na kabla sijapokea mkoba wangu kutoka kwenye buti nilikuwa nimekwisha kusikia harufu ya tangawizi ikichemka. Nilivuka barabara bila kuuliza njia. Kibanda kilikuwa pale pale nilipokiacha mwaka 2018, chini ya mabati yale yale yaliyoungwa kwa waya, na muuza chai ninayemwita Mama alikuwa ameinama juu ya seredani akipepea makaa kwa kipande cha boksi. Hakushtuka kuniona. Aliitikia shikamoo yangu, akanitazama kidogo, kisha akauliza kama bado sitaki sukari nyingi.

Niliishi Mombasa miaka kumi na mmoja, na tisa kati ya hiyo nilikuwa karani katika ghala moja la chai huko Shimanzi, kwa hiyo majani ya chai nayajua kwa macho, kwa pua na kwa vidole. Naandika tathmini hii baada ya safari ya siku nne niliyoifunga kwa sababu moja tu, nayo ni kunywa tena katika sehemu tatu nilizozizoea, nijiridhishe kama ninachokikosa Nairobi kipo kweli au ni kumbukumbu inayojipamba kadiri miaka inavyopita.

Sina ugomvi na chai ya Nairobi. Vibanda vya huko huchemsha chai nzito yenye maziwa mengi, na asubuhi ya baridi ya Julai, ukiwa na chapati mkononi, huwezi kuidharau. Tatizo langu ni kwamba mara nyingi hutoka kwenye chupa iliyojazwa tangu alfajiri, nayo hunywewa wima, kwa haraka, na mtu ambaye tayari jicho lake liko kwenye matatu inayofuata. Kilichonisukuma hasa kukata tiketi ni mkahawa mmoja karibu na ofisi yetu ulioandika kwenye orodha yake kuwa unauza chai ya Pwani kwa shilingi 280. Nililetewa kikombe cha maziwa ya moto chenye kifuko cha majani kikielea, na juu yake unga wa viungo ambao haukuwahi kuuona moto. Nilimuuliza kijana aliyenihudumia kama naweza kuchemshiwa chai upya, akanijibu kwa adabu kwamba hawana jiko la kuchemshia, wana mashine ya kupasha maziwa tu. Nililipa, nikaondoka, na jioni ile ile nikaenda kukata tiketi ya basi.

Sasa nieleze anachokifanya Mama, kwa maana ubora wote wa kibanda chake umo katika mpangilio wa kazi yake. Hachemshi chai nyingi kwa mpigo. Sufuria yake hujaza bilauri kumi na mbili hivi, na ikibaki robo huanza nyingine, hata kama wateja ni wachache, hata kama kilichobaki itabidi anywe mwenyewe. Kwanza hutia maji na tangawizi iliyotwangwa pamoja na ganda lake, akaiacha ichemke mpaka maji yageuke manjano. Hapo hana haraka, na ana sababu. Tangawizi mbichi ikikutana na maziwa huyakata, ila ikichemka vya kutosha nguvu hiyo hufa na ladha yake hubaki. Watu wengi wanaolalamika kwamba maziwa yao yamekatika wakadhani yalikuwa yamechacha, wangeyaona mambo tofauti wakisimama kando ya seredani hii kwa robo saa.

Wakati maji yanachemka hutwanga iliki katika kinu kidogo cha shaba, na hutia humo kijiko kimoja cha sukari ili punje zisiruke na zisagike upesi. Hutwanga ya sufuria moja tu, kamwe si ya siku nzima. Nilikaa kwenye benchi karibu naye kiasi cha kuona maganda ya kijani yakifunguka na mbegu nyeusi zikichanganyika na sukari mpaka zikawa kama mchanga mweusi ulioloa, na harufu yake ilinifikia kabla hajaimimina. Kisha hutia majani, akaacha yapande mara moja na kushuka, ndipo maziwa yaingie, na baada ya maziwa hupandisha na kushusha chai kwa upawa wake, akiimimina kutoka juu irudi sufuriani, mpaka rangi ifanane na tofali la kuchoma. Mdalasini hautii asubuhi. Anasema mdalasini ni wa jioni, na sikuwahi kumuuliza kwa nini, kwa sababu asubuhi zote nilizokunywa kwake sikuwahi kuutamani.

Majani anayotumia ni yale madogo kabisa. Kule ghalani tuliyaita kwa herufi: BP1 ndiyo punje kubwa, ikifuatiwa na PF1, halafu PD, na mwisho D1 ambayo ni laini karibu sawa na unga. Karibu chai yote ya Kenya husindikwa kwa kusagwa na kukatwakatwa iwe punje, na kadiri punje inavyokuwa ndogo ndivyo inavyotoa rangi na ukali kwa haraka, jambo linalomfaa sana mtu anayeuza kwa bilauri huku makaa yakiwa ghali. Mama huyanunua kwa mizani huko sokoni Markiti, na kabla ya kulipa huyafikicha kati ya kidole gumba na cha shahada, kisha hutazama kama vumbi lililobaki kidoleni ni jeusi au lina wekundu. Wekundu ukizidi, hanunui. Mimi nilifundishwa ghalani kupima chai kwa taratibu ndefu za kuonja na kuandika, na bado nakiri kwamba katika miaka yote niliyomjua sijaona akikosea.

Mombasa yenyewe haina shamba hata moja la chai. Majani hushuka kutoka Kericho, Nandi, Murang'a na nyanda nyingine za juu, na vilevile kutoka Uganda, Rwanda, Burundi na Tanzania, yakaja kupigwa mnada mjini hapa kabla ya kupanda meli. Mnada huo ulianzia Nairobi mwaka 1956, ukahamia Mombasa mwaka 1969, na tangu wakati huo hufanyika hapo wiki baada ya wiki, na siku hizi bei hutajwa kwa dola. Nilihesabu magunia yaliyokuwa yakienda Pakistani, Misri na Uingereza, na ilipofika saa nne asubuhi mimi na wapagazi tulitoka nje ya lango kunywa chai ya kibandani. Kwa hiyo ninaposema kwamba bilauri ya Mama ni chai nzuri, naisema nikiwa nimepitiwa mikononi na chai nyingi sana iliyouzwa ghali kuliko yake.

Hata hivyo, jambo lililonishangaza zaidi safari hii ni maji, ambayo zamani sikuwahi kuyatilia maanani. Maji ya mfereji yanayofika kisiwani hutoka mbali, yakiwemo ya chemchemi za Mzima kule Tsavo na ya Baricho kando ya mto Sabaki, nayo huja kwa mgawo, leo mtaa huu, kesho ule. Mfereji ukikauka, wauza chai hununua kwa vijana wa mikokoteni, mtungi wa lita 20 kwa mtungi. Asubuhi ya pili kijana mmoja alishusha mitungi minne mbele ya kibanda. Mama alichota kidogo kwa kikombe, akaonja, akatema pembeni.

"Haya ni ya kisima, mwanangu. Yarudishe."

Kijana akaapa kwamba ni ya mfereji. Mama hakubishana naye. Alimpa kikombe aonje mwenyewe, kijana akaonja, akanyamaza, akaipakia mitungi yake mkokotenini. Visima vya kisiwani vina chumvi, na maji ya chumvi hufifisha chai, ikawa na rangi lakini haina uchangamfu mdomoni, hata ukiongeza majani mara mbili. Siku ile alifungua kibanda saa moja baadaye kuliko kawaida kwa sababu alisubiri maji mengine, na sisi wateja tulikaa kwenye benchi tukasubiri pamoja naye, watu tisa, hakuna aliyeondoka. Mzee mmoja fundi cherehani, ambaye namkumbuka tangu nilipokuwa kijana mgeni mjini, aliniuliza kama Nairobi nako maji huonjwa. Nilimjibu kwamba sijaona.

Bei ni hizi: chai ya maziwa shilingi 30, chai ya mkandaa shilingi 15, na hamri moja shilingi 10. Kwa msomaji asiyeijua Pwani, mkandaa ni ule mti wa mikoko ambao gome lake hutoa rangi nyekundu iliyoiva, na wenyeji wa Mombasa waliita chai isiyo na maziwa kwa jina hilo kwa sababu ya wekundu wake. Sijasikia jina zuri zaidi la kinywaji. Mahamri ya Mama huandaliwa na binti yake nyumbani kwa tui la nazi na iliki, huja katika bakuli lililofunikwa kitambaa, na ukilipasua hamri moja mvuke hutoka kwenye uwazi wake wa ndani. Akiwepo mama wa jirani anayeuza mbaazi za nazi, chukua sahani moja utowelee. Akikosekana, mahamri yanatosha na chai.

Yapo mapungufu, na si haki kuyaficha kwa sababu ya mapenzi. La kwanza ni kuosha bilauri. Kuna beseni la sabuni na beseni la kusuuzia, na asubuhi yote mawili ni safi, lakini kadiri mchana unavyosogea, maji yakiwa ya kununuliwa, la kusuuzia hubadilishwa kwa nadra. Nilienda saa tisa alasiri siku ya tatu, nikaliona lina utando wa maziwa juu, nikaomba chai yangu katika kikombe changu mwenyewe. Mama hakuona vibaya, na nashauri kila mtu abebe kikombe iwapo atakwenda baada ya adhuhuri. La pili ni sukari, ambayo hutiwa sufuriani moja kwa moja, na nyingi. Mwenye kisukari, au asiyependa utamu, ni lazima aseme mapema wakati maji bado yanachemka, ili atolewe chai yake kabla ya sukari kuingia. Nawajua wazee waliowahi kuambiwa na daktari waiache sukari na wakaishia kuacha kwenda kibandani kabisa, jambo ambalo naliona ni hasara ambayo kijiko kimoja pembeni kingeizuia. La tatu ni kivuli. Benchi lina urefu wa watu watano, lakini kuanzia saa nne jua hulipiga nusu nzima.

Jioni ya siku ya pili nilikwenda Mji wa Kale kutafuta kahawa chungu. Muuza kahawa niliyemzoea hukaa kwenye baraza si mbali na Ngome ya Yesu, na hufika baada ya sala ya Magharibi, dele lake la shaba likiwa juu ya makaa, vikombe vidogo visivyo na mkono vikigongana katika ndoo ya maji. Kahawa ni kali, ina tangawizi, haina sukari, na utamu wake hutoka kwenye kashata au tende unayoitafuna kabla ya kuinywa. Kikombe ni shilingi 10, na nilikunywa vinne. Sina la kulalamikia hapo isipokuwa kwamba vikombe ni vidogo kwa mtu mwenye kiu, ingawa wazee wa barazani wangeniambia kwamba kahawa haikuumbwa kwa ajili ya kiu. Waliokuwa wakicheza bao walinisogezea nafasi bila kukatiza mchezo, na nilikaa mpaka saa tatu na nusu usiku, upepo wa kusi ukivuma kutoka baharini.

Feri ya Likoni ndiko nilikovunjika moyo. Zamani, upande wa kisiwani, kabla ya kuteremka kwenda kivukoni, palikuwa na mzee mmoja mwenye jiko la makaa na birika kubwa, na tulikuwa tukinywa kwake tukiitazama feri ikikata mlango wa Kilindini kuja upande wetu. Alijua kupima muda. Akiona feri imefika katikati, hakukumiminia chai ya moto, alikupa ile aliyokwisha kuipoza kwa kuimimina kutoka kikombe kimoja hadi kingine, ili uimalize kabla lango halijafunguliwa. Nilimkuta bado yupo, lakini jiko halipo. Alielezwa kwamba asiwashe tena moto mahali pale, na sasa huchemsha chai nyumbani ng'ambo ya pili, huijaza katika chupa nne kubwa, na kuja nazo kwenye baiskeli. Nilinunua kikombe saa mbili asubuhi. Ilikuwa ya moto, ilikuwa na utamu wa kutosha, na ilikuwa na ile ladha ya chai iliyofungiwa na maziwa yake kwa muda mrefu, ambapo iliki hupoa harufu na majani huacha ukakasi nyuma ya ulimi.

Sikumwambia. Aliniuliza mwenyewe.

"Si kama ile, ama?"

Nikamjibu, "Si kama ile, babu." Akaitikia kwa kichwa, akanirudishia shilingi tano ya chenji ambayo nilikuwa nimemwachia.

Nimemfikiria sana mzee huyu tangu niliporudi, kwa sababu majani yake ni yale yale, mkono ni ule ule, na viungo hununua pale pale anaponunua Mama. Kilichoondolewa ni moto kuwa karibu na kikombe. Chai ya barabarani ya Mombasa huwa nzuri kwa kuwa huchemshwa kidogo kidogo mbele yako, hunywewa ndani ya dakika chache, na anayeipika anakiona kinywa chako unapoionja, kwa hiyo anajua mara moja kama tangawizi imezidi. Ukiitenga na jiko, hata kwa nusu saa, unabaki na maziwa matamu ya moto. Kwa hiyo siwezi kupendekeza chai ya feri kwa mtu anayekwenda kwa ajili ya chai. Kwa anayevuka kwenda kazini akiwa hajatia kitu tumboni, inafaa, na mzee anastahili kuungwa mkono. Aende kabla ya saa moja asubuhi, chupa zinapofunguliwa mara ya kwanza. Na kama wapo wenye mamlaka ya kupanga eneo lile, naomba kwa moyo wangu wote watafute pembe moja salama ambapo jiko moja la makaa linaweza kukaa bila kumzuia mpita njia.

Siku ya nne, basi langu likiwa la saa mbili asubuhi, nilifika Mwembe Tayari nikiwa na chupa mpya niliyoinunua jana yake, nikamwomba Mama anijazie ya maziwa niende nayo. Aliishika chupa, akaifungua, akainusa, akaisuuza kwa maji ya moto mara mbili.

"Chai ya maziwa haisafiri, mwanangu. Nitakutilia mkandaa. Maziwa utayapata mbele ya safari."

Alichemsha maji mapya, akatia tangawizi na iliki, akatia majani na kuyachuja upesi sana, mapema kuliko anavyoyachuja ya kunywa pale pale. Nilipomuuliza sababu, alisema ndani ya chupa chai huendelea kuiva yenyewe kidogo. Nililipa shilingi 90 kwa chupa nzima, yaani bilauri sita za mkandaa, bila nyongeza yoyote kwa ile kazi ya kuisuuza na kunifikiria.

Basi liliposimama Mtito Andei adhuhuri nilinunua pakiti ndogo ya maziwa, nikamimina kwenye kikombe changu, nikaongeza chai juu yake. Chai haikuwa sawa na ile ya benchini, lakini iliki ilikuwa bado inanukia, na hapakuwa na ukakasi. Dada aliyekaa kiti cha pili alikuwa amegeuka mara mbili kutazama kikombe. Nilimpa kilichobaki kwenye kifuniko cha chupa, akanywa taratibu, kisha akauliza inauzwa wapi. Nikamwelekeza hivi: ukishuka Mwembe Tayari, vuka barabara, fuata harufu ya tangawizi mpaka kwenye mabati yaliyoungwa kwa waya, fika kabla ya saa nne ili upate kivuli, na kuhusu sukari useme mapema.